Ng'ombe Tisa kwa Jina la Léopold

Honi mbili fupi, asubuhi, mbele ya kibanda cha jibini pale soko la Virunga. Kioo cha jeep kinashuka polepole, mkono wenye bangili unatokeza, na sauti ya upole inasema: "Mama Bénita, unipatie mbili, ile ya kukauka kidogo."

Mama Bénita, jina lake Dative, alikuwa anachagua jibini mbili za duara, anazifunga katika gazeti, anapokea dola zake na kutabasamu mpaka mashavu yanamuuma. Moyoni alikuwa anasema: anguka. Anguka hata mara moja tu, nikuone.

Tuseme ukweli, mwenye jeep hakuwa amemkosea kitu, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mtu akikutukana unamrudishia, mambo yanakwisha. Huyu Apolline alimletea Bénita, mtoto wa Dative, viatu vya shule kila Septemba bila kuombwa. Dative mwenyewe aliletewa naye koti zito kutoka Ubelgiji, akalikunja akalisukuma chini ya godoro, akawa anatetemeka kwa baridi ya Julai kama mtu asiye na ndugu.

Walikuwa wake wa ndugu wawili. Dative aliolewa na Niyibizi, mkubwa, mfugaji. Apolline aliolewa na Léopold, mdogo, msomi. Mwaka 2002 volkano ya Nyiragongo ilipopasuka, Dative alikimbia kutoka mtaa wa Majengo, Goma, akimvuta mtoto mkono, sufuria kichwani, mpaka Gisenyi, Rwanda, na aliporudi alikuta nyumba yake imekuwa jiwe jeusi linalofuka moshi. Wakajenga ya mbao juu ya jiwe hilohilo, na katika mbao hizo ndimo walimobaki mwaka baada ya mwaka. Mvua ikipiga bati, mke na mume hawasikilizani. Siku zile za moto Léopold na Apolline walikuwa Liège, wanaitazama Goma ikiungua kwenye televisheni, wamekaa kwenye kiti chenye mto.

Mwaka 2010 wakarudi na kontena. Wakajenga nyumba ya ghorofa, hatua mia mbili kutoka kwenye nyumba ya mbao, kwa mawe ya volkano yaliyochongwa vizuri. Yaani moto uliomfukarisha Dative ndio uliowapa wenzake mawe ya kujengea! Hilo hakulisamehe, na kila alipopita pale alikuwa anageuza uso upande wa pili, kana kwamba nyumba ile imemtukana.

Hata ng'ombe, jamani. Niyibizi alikuwa na ng'ombe tisa katika vilima vya Masisi, na maziwa yao ndiyo yaliyokuwa jibini, na jibini ndiyo iliyokuwa unga, karo na mshumaa. Mwaka 2008 vita vilipopamba moto kule juu, watu wenye silaha walikuwa wanapita malishoni na kuchukua ng'ombe kama mtu anavyochuma mboga. Kitu kimoja tu walikuwa wanakiogopa kidogo: mali ya mtu anayeishi Ulaya. Mtu wa hivyo anajua kuandika barua kwa ubalozi, na wiki inayofuata magari meupe ya UN yanakuja kuuliza maswali. Wafugaji wakajiongeza. Mmoja aliandikisha ng'ombe wake kwa jina la padri, mwingine kwa jina la kanali. Dative ndiye aliyemwambia Niyibizi, kwa mdomo wake mwenyewe: "Tuandike ya kwetu kwa jina la Léopold. Yeye njo mutu wa Bulaya."

Wakachoma chapa pajani, herufi mbili, L.T., Léopold Twagirimana. Kitabu cha chama cha wafugaji kikaandikwa hivyohivyo, na karatasi za chanjo pia. Hila ilifaulu. Majirani walipoteza mazizi mazima, ng'ombe wa Dative wakabaki. Baadaye vita vilitulia, vikaanza tena kwa jina jingine, na hakuna aliyethubutu kubadili kitabu. Ng'ombe akiuzwa na ndama akachukua nafasi yake, L.T. Kila Dative alipopanda Masisi kuchukua jibini alikutana na herufi zile, damu ikamchemka. Mavi azoe yeye, jina liwe la mwingine.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa yamefika, Februari 2014, Maître Namegabe alipobisha kwenye mlango wa mbao.

Alikuwa wakili mwembamba, suti safi, viatu vimejaa vumbi jeusi la Majengo. Niyibizi alikuwa Masisi. Dative alimpangusia kiti.

"Mama, Twagirimana Léopold anaikalaka hapa?"

Dative alijua jibu alilofundishwa. Léopold alikuwa amemwambia kaka yake zamani kwamba mtu yeyote akimuulizia na karatasi mkononi, aambiwe amekwenda Kampala. Lakini Dative alikuwa hajawahi kuambiwa kwa nini, na udadisi ulimshinda.

"Unamutafutia nini, Maître?"

Wakili akafungua mkoba, akaeleza bila haraka, kwa sababu viti vya nyumba za watu vilikuwa vinampumzisha miguu. Mwaka 2006, kule Liège, Léopold alikopa benki euro elfu tisa, afungue duka la vyakula vya Kiafrika. Sombe, samaki wakavu, unga wa muhogo. Duka likafa. Akalipa miezi michache, kisha akaacha, kisha akapanda ndege. Katika fomu ya mkopo aliulizwa anuani ya nyumbani kwao, naye akaandika: kwa Niyibizi, Majengo, Goma. Benki iliandika barua mpaka ikachoka. Ikaliuza deni lile kwa kampuni moja inayonunua madeni yaliyokufa na kujaribu kuyafufua. Kampuni ikamshitaki hukohuko, hukumu ikatolewa yeye hayupo. Na riba, sasa ni euro elfu kumi na tano na kitu.

"Na hukumu ya kule inafika mpaka huku?" aliuliza Dative.

"Yenyewe peke yake, hapana. Lazima tribunal, mahakama ya kwetu, iikubali kwanza, iipatie nguvu. Tulianzaka 2012. Waasi bakaingia mu ville, tribunal ikafunga, dosya ikalala. Sasa bamesha toka, na mwezi ule mwingine juge amesha sinyé." Akagonga sahihi kwenye karatasi kwa kidole. "Lakini bila mali, Mama, hii ni karatasi ya kufungia fromage yako. Nataka kujua tu: iko na nini?"

Moyo wa Dative uliruka kwa furaha, na aliona kabisa kwamba ni furaha. Kumbe! Zile mbwembwe zote zilikuwa za mkopo. Miaka minne alikuwa anajiona mjinga, anajiuliza wenzake walifanya nini ambacho yeye hakufanya, kumbe walichofanya ni kukimbia deni.

Angeweza kusema Kampala. Neno lilikuwepo mdomoni, fupi, tayari. Akalimeza.

"Andika, Maître," alisema. "Nyumba ya étage, ile ya mawe, mlango wa bleu. Jeep. Frigo mbili, moja ni ya congelé tu, ya kugandisha. Salon ya ngozi, viti vyote. Groupe électrogène, ile ya kuleta umeme. Televisheni ya kuning'inia ku ukuta." Akatia chumvi kidogo, akaongeza dhahabu ya Apolline, ambayo hakuwa na hakika kama ni dhahabu. Wakili aliandika haraka, akageuza ukurasa.

"Mashamba? Mifugo?"

Dative akacheka mpaka akashika ubavu. "Mifugo! Ule mutu hata kuku hajuwi kukamata. Na jina langu usiliweke, Maître."

"Mu dosya halitaingia."

Wiki mbili zilizofuata Dative alikuwa na raha hata jibini zake ziliuzwa upesi. Honi ya jeep ilipolia, alikimbia kuleta mwenyewe. Tabasamu lilikuwa la kweli sasa, na Apolline akamwambia, "Mama Bénita, siku hizi unapendeza."

Siku huissier, yule ofisa wa mahakama anayekamata mali, alipokwenda kwenye nyumba ya ghorofa, habari zilifika sokoni kabla hajamaliza kupanda ngazi. Dative alifunga kibanda, akaenda kumfariji mwenzake. Ndivyo alivyowaambia majirani. Alitaka kuyaona machozi kwa karibu.

Hakukuta machozi. Apolline alikuwa amesimama katikati ya salon ya ngozi, miwani puani, anamwonyesha huissier karatasi moja baada ya nyingine kutoka kwenye faili la kijani. Mkataba wa ndoa wa Liège: mali ya mke mbali, mali ya mume mbali. Hati ya kiwanja: Apolline. Karatasi ya jeep: Apolline. Risiti za kontena: Apolline. Kwa miaka kumi na minne alikuwa anaosha wazee katika nyumba ya wazee, anawageuza kitandani, anawakata kucha, na mshahara alikuwa anauweka peke yake kwa sababu alimjua mume wake. Léopold alikuwa kwenye kona, anatazama vidole vyake vya miguu. Huissier alirudisha kalamu mfukoni, akaaga kwa heshima, akaondoka bila hata kijiko.

"Pole, Mama Gradi," alisema Dative, akimwita kwa jina la mtoto wake.

"Asante kwa kuja," alisema Apolline. "Hakuna mwingine amekuja."

Dative alirudi nyumbani akiwa na wivu mpya, mbaya kuliko ule wa zamani. Hata deni la mume halimgusi! Mwanamke ana faili. Yeye Dative tangu azaliwe alikuwa na karatasi mbili tu, kadi ya mpiga kura na kadi ya ubatizo, na hiyo ya ubatizo iliungua 2002.

Lakini Maître Namegabe alikuwa analipwa kwa sehemu ya kitakachopatikana, na mtu wa hivyo hachoki mapema. Akaandika barua kwenye ofisi ya viwanja, kwenye benki, na mwishoni, kwa kuwa alikuwa mtu wa mkoa huu na anajua watu wa Masisi wanaweka wapi utajiri wao, akaandika kwa chama cha wafugaji. Jibu lilikuja kabla ya wiki kwisha.

Jumatano, saa nne asubuhi, simu ya Dative ililia juu ya meza ya jibini. Ilikuwa Niyibizi, anapiga kelele kwa sababu ya upepo wa mlimani.

"Kuko batu hapa na ba policier! Banahesabu ng'ombe! Banasema ni ya Léopold!"

Dative alikaa juu ya ndoo, ndoo ikapinduka, na wanawake wa mstari ule wakamwinua wakidhani kuna msiba.

Alifika ofisini kwa wakili akiwa bado amevaa aproni. "Maître, zile ng'ombe ni zetu! Ni miye niliwaza tuandike jina lake, juu ya vita!"

"Mama," alisema wakili, na hakuwa na ukali, "wewe mwenyewe uliniambia hana mifugo. Kitabu kinasema iko na tisa. Uko na karatasi ingine?"

"Hapana."

"Chapa inasema nini?"

"L.T.," alisema Dative.

"Mwenye mali ya kweli anaweza kuja kudai mbele ya juge, sikatai. Lakini ataleta nini? Atasema tuliandika uongo ku kitabu, na tuliapa? Itakuwa dosya ingine, hiyo ya kwenu." Akamwambia tarehe ya mnada. Wiki tatu.

Wiki tatu. Dative alitembea kwa miguu kutoka mjini mpaka Majengo, anahesabu. Bila ng'ombe hakuna maziwa, bila maziwa hakuna jibini, na Bénita alikuwa mwaka wa mwisho, mtihani wa État, ule wa taifa, ni Juni. Alijiita mjinga kwa sauti, njiani, watu wakageuka. Halafu akafikiri jambo la aibu, nalo lilikuwa hili: kwamba kati ya mambo yote, lililomuuma zaidi ni kwamba nyumba ya ghorofa bado imesimama.

Niyibizi alishuka kutoka Masisi na matope mpaka magotini, wakaenda wote wawili kwa Léopold. Mdogo mtu alilia. Alisema amekosa, alisema atauza figo, alisema maneno mengi yasiyo na senti ndani yake. Niyibizi hakumgombeza. Alikuwa anasema tu, "Ng'ombe ya muzee wetu. Ng'ombe ya muzee wetu," kwa sababu wale tisa walizaliwa na ng'ombe mmoja aliyeachwa na baba yao. Dative alikuwa ameinamisha kichwa, anaogopa mtu asije akamtazama machoni.

Apolline alivaa miwani, akachukua simu, akampigia wakili.

"Maître, hiyo kampuni ilinunuaka deni yetu kwa bei gani? Najua huwezi sema. Nimeishi kule, ninabajua. Bananunua kwa bei ya nyanya zimeoza. Uwaambie hivi: dola elfu saba, mara moja, cash, na deni inakufa kabisa, na karatasi ya kuonyesha. Ama bakuje bauze ng'ombe Masisi, ku barabara ya watu wa bunduki, baone nani atanunua."

Siku tatu baadaye kampuni ilikubali. Jeep ilichukuliwa na mfanyabiashara wa Birere kwa elfu tano na mia tano. Zilizobaki zilitoka kwenye salon ya ngozi, frigo mbili na televisheni ya ukutani. Hakuna sheria ya Liège wala ya Goma iliyomlazimisha. Faili la kijani lilimkinga kabisa, kila mtu aliliona, na yeye akaliweka kabatini na kuuza vitu vyake ili ng'ombe wa mtu mwingine warudi malishoni.

Sasa basi. Dative alikuwa amesubiri miaka minne kumwona Apolline akitembea kwa miguu, na siku hiyo ilifika, Jumanne, soko limejaa. Apolline alikuja na kikapu, viatu vyeusi kwa vumbi, jasho kwenye paji la uso. Dative alinyoosha shingo ili aonje. Mwuza ndizi akasimama, akaweka mkungu mdogo kwenye kikapu cha Apolline: "Pole, Mama Gradi, usilipe." Mwuza maharage akapima vikombe viwili. Mwuza samaki, mwanamke ambaye hajawahi kumpa mtu hata maji, akamshika mikono yote miwili. Mpaka anafika kwenye jibini, kikapu kilikuwa kimejaa na hajatoa franga.

Dative aliuza hapo miaka kumi na mitatu. Aliunguliwa nyumba, hakuna aliyempa nyanya. Alisimama na jibini mkononi, akamwonea mwenzake wivu kwa hasara yake.

Nyumbani Niyibizi alikuwa ameshaamua. "Kwa watu wetu, mutu akikupa ng'ombe, unamurudishia mutamba. Ng'ombe zote tisa zimetoka mu mikono yake sasa. Tutapeleka mutamba mwenye kupita wengine, na wewe njo utasema neno la shukrani. Wewe ni mwanamke mwenzake."

"Juu ya nini miye?"

"Sasa nani mwingine?"

Jumapili, baada ya misa, mtamba alishushwa kutoka kwenye lori mbele ya mlango wa buluu. Alikuwa wa rangi ya asali, pembe fupi, na majirani walipiga makofi. Wanaume waliketi uani na bia ya ndizi, Léopold akimpa kaka yake kiti pekee kilichobaki. Dative alipitia nyuma. Apolline alikuwa kwenye sakafu ya jikoni, mbele ya beseni kubwa, anafua mashuka kwa mkono.

Dative alikuwa ameandaa shukrani njia nzima. Alipofungua mdomo hazikutoka. Alimtazama yule mwanamke mwenye povu viwikoni, akaona hawezi kushukuru, kwamba akishukuru atakuwa chini yake mpaka kufa. Heri amchukie. Mtu akikuchukia mnakuwa sawa.

"Ni miye nilimwambia Maître," alisema. "Siku alikuja kwetu. Jeep, frigo, zote nilimutajia. Nilifurahi."

Apolline aliendelea kusugua. "Najua."

"Unajua?"

"Aliniambia siku nilimupelekea zile dola. Aliahidi kutokuandika jina yako, hakuahidi kunyamaza."

"Basi unitukane! Unifukuze! Juu ya nini haukusema?"

"Niseme kwa nani?" Apolline alinyoosha mgongo, akajipangusa kwa mkono wenye maji. "Niseme kwa Léopold, aachane na kaka yake? Na mimi nibaki na nani? Gradi iko Kampala mu masomo. Dada zangu wote niliwaacha kule. Toka nifike hapa watu wananitazama viatu, Mama Bénita. Siku ya huissier ni wewe peke yako uliingia. Nilijua umekuja kunichekelea, nilikuona macho. Lakini uliingia." Akasukuma beseni kidogo, akaacha nafasi. "Nilikuwa nakuja kununua fromage kila asubuhi. Unafikiri mutu anaweza kula fromage mbili kila siku?"

Uani Niyibizi alikuwa anamsifu mtamba, ukoo wake, mama yake na bibi yake. Dative alisimama mlangoni. Alitafuta aibu, aliikuta. Alitafuta huruma, aliikuta pia, ndogo, pembeni. Na katikati, mahali pake pa siku zote, alikuta wivu umekaa, wala haujasogea. Kwa jeep alimshinda, kwa faili alimshinda, na sasa hata kwa roho amemshinda, na hilo huwezi kulitaja kwa wakili.

"Shika huku," alisema Apolline.

Dative alikunja mikono ya gauni, akashika ncha ya shuka, na wakaanza kulikamua, mmoja kushoto, mmoja kulia. Alikamua kwa nguvu zake zote, ili walau upande wake ukauke kwanza.